Tambi imekatwa, haikuzaliwa: punje za aluminiamu motoni

NYAMIZI: Kaka Kulwa, umekuja kurekodi na sikio la karai la aluminiamu lililovunjika. Hujambo kweli?

KULWA: (anacheka) Ni la mama mmoja anayekaanga samaki Kirumba. Hebu angalia pale lilipokatikia.

NYAMIZI: Panameremeta, kama mtu kamwagia sukari.

KULWA: Hizo ndizo punje. Kila punje atomu zake zimepangwa safu kwa safu, na punje jirani imeelekea kwingine. Hata yale maua-maua kwenye bati jipya ni punje za zinki.

NYAMIZI: Lakini karai limemiminwa likiwa limeyeyuka. Fremu ya dirisha je?

KULWA: Ile ni gogo la aluminiamu lililopashwa nyuzi 400 na ushee mpaka 500, likasukumwa kwa nguvu kwenye tundu lenye umbo la fremu. Halikuyeyuka, maana kuyeyuka ni nyuzi 660. Limelainika tu.

NYAMIZI: Punje zikavurugika.

KULWA: Zikarefuka. Umewahi kuvuta turubai la dagaa lililolowa?

NYAMIZI: Halivutiki lile! Unatengeneza mkunjo upande mmoja, unausukuma kwa mguu mpaka utokee upande wa pili.

KULWA: Basi metali nayo hujongea hivyo. Mikunjo hiyo wataalamu huiita dislokesheni. Kwenye baridi inakwamana, ndiyo maana waya ukiukunjakunja unakakamaa, halafu tap! Kwenye joto, aluminiamu inaizidi shaba kwa jambo moja: mikunjo yake inahama safu kirahisi, inakutana, inafutana. Inayobaki inajipanga kuwa kuta nyembamba, punje moja inagawanyika vyumba vidogo ndani kwa ndani.

NYAMIZI: Yaani zinazaliwa punje mpya.

KULWA: Hapo ndipo huwa nagombana na watu, dada. Anayezaa ni shaba: mikunjo inarundikana mpaka punje mpya, safi, zinachipua mipakani. Aluminiamu inafagia nyumba mapema mno, takataka hazifikii kiwango hicho. Punje ni ileile, inazidi kurefuka na kukonda kama tambi.

NYAMIZI: Mpaka lini?

KULWA: Mpaka unene wake ubaki chumba kimoja au viwili. Na mipaka yake ina meno-meno, kwa sababu zile kuta zinaivuta. Meno ya juu yanagusana na ya chini, tambi inakatika. Ukija na hadubini mwishoni unakuta punje ndogondogo, unaapa zimezaliwa.

NYAMIZI: Kumbe zimekatwa. Na fremu ikishatoka tunduni?

KULWA: Usiicheleweshe kupoa. Ngozi ya nje ndiyo iliyosuguliwa zaidi, na ikikaa na joto lake punje mpya zinaota pale, kubwa kubwa. Ndiyo maana hupulizwa upepo au kumwagiwa maji.

NYAMIZI: Sasa fundi wa mtaani, hana hata kipimajoto...

KULWA: Na mchana aluminiamu haikuonyeshi wekundu kama chuma, ukizubaa imeshadondoka chini. Anapaka sabuni ya mche, anapasha taratibu. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokoza, anazima moto. Kama kipande kilikuwa kimegongwagongwa kikiwa baridi, hapo sasa punje mpya zinazaliwa kwelikweli, kinalainika.

NYAMIZI: Si umesema aluminiamu haizai?

KULWA: Haizai ikiwa inasukumwa motoni. Ikigongwa baridi, ikapashwa baadaye imetulia, inazaa vizuri tu.

NYAMIZI: Haya. Na sikio la karai umrudishie mwenyewe.

KULWA: Alishanunua jipya jana.