Jinsi ya kulinganisha hedifoni zilizofungwa nyuma: besi nzito na masikio yasiyochoka

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo nina hedifoni tatu hapa mezani, zote ni zile zilizofungwa nyuma, yaani kikombe chake hakina matundu kwa hiyo muziki wako haumsumbui aliyekaa pembeni na kelele za nje nazo haziingii kirahisi. Hii ya kushoto ni Audio-Technica ATH-M50x, ya katikati ni Beyerdynamic DT 770 Pro ile ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na hii ya kulia yenye waya wa kujiviringisha kama springi ni Sony MDR-7506. Mnaniuliza sana ipi ina besi kali, na mi kila siku nawajibu kwanza ivae tuone inakukaaje, kwa sababu hedifoni ileile inaweza kutikisa kichwa cha mwenzio halafu kwako ikapooza kabisa.

Sababu iko hivi. Ndani ya kikombe kuna drayva, yaani spika ndogo, inasukuma hewa kwenye kile kijumba kidogo kati ya pedi na sikio lako. Pedi ikiziba vizuri kuzunguka sikio, msukumo wote wa besi unakufikia. Pakibaki upenyo hata mdogo tu, labda mkono wa miwani umeinua pedi au kuna nywele zimesukwa zimepita pale chini, sauti za juu utaona ziko palepale ila besi inavuja, na we utalaumu drayva bure.

Hatua ya kwanza, tumia simu yako mwenyewe, usikubali simu ya muuzaji. Nilishawahi kununua pea moja dukani, jamaa akanichezea wimbo kwenye simu yake besi inagonga mpaka kwenye taya, nikalipa, kufika nyumbani nachomeka kwangu hamna kitu, kumbe kwake ekwalaiza ilikuwa imepandishwa upande wa besi mpaka mwisho. Iliniuma sana maana ile hela niliikusanya kidogokidogo. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ekwalaiza, zima na zile mbwembwe zote za kuboresha sauti. Simu yako kama haina tundu la jeki beba adapta, na uitumie hiyohiyo moja kwa hedifoni zote.

Hatua ya pili ndo watu wengi wanairuka, na ndo inayoharibu kila kitu: linganisha ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha besi. Sikio letu linapenda kilicho juu zaidi, ukiongeza sauti kidogo tu unahisi besi imenenepa. Na hizi tatu hazilingani, watengenezaji wenyewe wameandika ukubwa wa sauti wa desibeli 106 kwa Sony, 99 kwa Audio-Technica na 96 kwa hii Beyerdynamic, sasa ukizichomeka kwa zamu bila kugusa volyumu, Sony itakupigia kelele na DT 770 itaonekana mnyonge wakati siyo kweli. Fanya hivi, chagua wimbo wenye mtu anaimba, sikiliza sauti ya mwimbaji, usisikilize besi, panda shuka na volyumu mpaka mwimbaji asikike sawa kwenye zote tatu. Kariri volyumu ya kila moja, au iandike.

Hatua ya tatu, pakua programu yoyote ya bure ya kutoa toni, yaani sauti moja tupu isiyobadilika, zipo nyingi. Anza na volyumu ya chini, weka hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, shuka 60, shuka 40, shuka 30. Waya mnene wa gitaa la besi la kawaida ukipigwa bila kubonyezwa uko kwenye hezi 41 hivi, kwa hiyo hedifoni ikifika 40 vizuri hapo una besi ya kweli. Ukishuka 30 sauti itaonekana ndogo, usipandishe volyumu, tafadhali, sikio la binadamu ndivyo lilivyo linasikia chini kwa shida, na ukipandisha halafu ukarudi kwenye muziki utajiumiza. Unachotafuta ni toni iliyo safi, ukisikia mkwaruzo au kitu kinatetemeka ndani ya kikombe iweke pembeni.

Hatua ya nne naipenda kuliko zote. Toni ya hezi 40 ikiwa inalia, weka viganja viwili juu ya vikombe, bonyeza taratibu kuelekea kichwani. Besi ikibaki vilevile, pedi imeziba. Besi ikipanda ghafla, basi ulikuwa unavuja, isogeze, rekebisha urefu wa utepe wa juu, jaribu tena. Wenye miwani msiivue wakati wa kujaribu, jaribuni na miwani yenu. Dada zangu mnaovaa hijabu, kitambaa kikipita kati ya pedi na ngozi kinafungua njia ya hewa, kwa hiyo nenda na hijabu unayovaa kila siku, ile ya pamba nyepesi haisumbui kama nzito yenye mikunjo. Usinunue ulichokisikia ukiwa umevaa kitu kingine.

Sasa ndo weka nyimbo. Mi natumia aina tatu. Singeli, kwa sababu ngoma inapigwa haraka mno, hedifoni yenye besi nzembe itazichanganya zote ziwe muungurumo mmoja. Amapiano, ule mdundo mrefu wa chini unaonesha kama besi inashuka kweli au inadanganya kwa sauti za katikati. Halafu dansi au rumba, hapo fuata gitaa la besi, kila noti uisikie kwa jina lake, isije ikawa noti moja inavimba zingine zinapotea.

Kwa hizi tatu, nikivaa mimi, DT 770 ndo inashuka chini kuliko zote, ile besi ya kusikia kifuani, ila kule juu ina ukali, herufi s za mwimbaji zinachoma ukisikiliza kwa sauti kubwa. M50x besi yake ina ngumi zaidi kuliko kina, kwa bongo fleva na hip hop inafurahisha sana. 7506 imekuwepo tangu 1991, mafundi wa redio na filamu wanaipenda kwa sababu inakuonesha kila kosa kwenye rekodi, besi ipo ila haikubembelezi, kama lengo lako ni mdundo mzito usiinunue hata bei yake ikikuvutia.

Raha ya kuvaa huwezi kuipima kwa dakika mbili. Omba ukae nayo dakika ishirini, wakikukataza angalau kumi, sikiliza sehemu tatu: utosini, mbele ya sikio pale taya inapokutana na fuvu, na nyuma ya sikio kama una miwani. M50x ina gramu 285, siyo nzito, lakini ikiwa mpya inabana. Ukiinunua ivishe kwenye boksi lake usiku mmoja, italegea kidogo, usizidishe, ikilegea sana besi nayo inaondoka. Na hapa kwetu Dar joto lina neno lake. Pedi za ngozi bandia kama za M50x na 7506 zinaziba vizuri ila nusu saa tu jasho linatiririka. Hizi za DT 770 ni kitambaa laini cha manyoyanyoya, sikio linapumua, naweza kukaa nayo mchana kutwa bila feni. Ubaya wake waya hautoki, ni mita tatu umeshikana moja kwa moja, ukikatika ni kwa fundi, wakati M50x inakuja na waya tatu za kubadilisha. Kwa mtu wa daladala chukua M50x, inakunjika pia. Wa kukaa chumbani au studio, DT 770, na kama simu yako ina nguvu ndogo tafuta amplifaya ndogo maana omu 80 zinataka msukumo.

Kitu cha mwisho, baada ya mwaka au miwili utaona besi imepungua, usikimbilie kununua nyingine. Rudia ile ya hezi 40 na viganja. Ukibonyeza besi ikarudi, drayva bado ni nzima, pedi ndo zimechoka zimebonyea. Shika ukingo wa pedi, vuta taratibu kuzunguka mpaka itoke kwenye mfereji wake, ile mpya ingiza upande mmoja halafu zungusha na kidole mpaka ikae yote, kisha vaa, weka hezi 40, bonyeza tena.