Siri kwanza, ndo mtu ataongea: mazungumzo na waokoaji wa Kigoma

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo poleni na kazi. Kabla sijaanza naomba ile karatasi ya mahudhurio iliyoanza kuzunguka huko nyuma irudi hapa mbele, ndiyo, hiyo hiyo yenye jina, cheo, kituo, namba ya simu na sahihi. Nauli msiwe na wasiwasi, nimeshakubaliana na waandaaji zitatolewa mlangoni bila majina. Karatasi ambayo kesho inaweza kukaa mezani kwa mkuu wako ikisema fulani alienda kusikiliza mambo ya afya ya akili, hiyo peke yake inatosha mtu asirudi tena, na mimi nimekuja hapa kwa jambo hilo hilo. Nimefanya ushauri nasaha na watu wa uokoaji, polisi na manesi wa dharura muda mrefu sasa, na ninachoamini ni kwamba siri ndo huduma yenyewe, ukiitoa siri kinachobaki ni viti viwili na kaunsela anayesubiri mtu asiyekuja.

Kazi zenu nazijua. Mtu anapiga 114, namba ya zimamoto, saa nane usiku, nyie mnaamka. Ziwa Tanganyika likichafuka, nyie mnaingia wakati wenzenu wanatoka. Mwaka 2015, mwezi wa tano, wakimbizi wa Burundi walivyojazana kijijini Kagunga, maelfu kwa maelfu wamebanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta huku mjini, kuna watu humu ndani walikuwepo, wengine walikuwa ndo wana miezi michache kazini. Na manesi mliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta mnajua mnachokijua.

Ila niseme kitu ambacho watu wengi hawakioni. Linalowachosha mara nyingi siyo tukio lile kubwa, ni vidogo vidogo vinavyorundikana, na katika hivyo kibaya kuliko vyote kwa ninavyosikia mimi ni lawama. Mmefika kwenye moto, barabara mbovu, taarifa imechelewa kutolewa, umati umeshajaa na kabla hamjashuka kwenye gari mnasikia "zimamoto wamekuja hawana maji". Mnatupiwa mawe. Maji mnayo. Mtu anaenda nyumbani na maneno yale, hayamtoki, na hakuna wa kumwambia maana kituoni akisema imemuuma ataitwa mlaini. Basi anakunywa, au anakuwa mkali kwa watoto, au analala masaa mawili anaamka anakagua mlango.

Sasa tukio zito likishatokea, wiki za mwanzo kukosa usingizi, kushtuka, picha kujirudia, hayo ni ya kawaida na wengi hutulia wenyewe wakila, wakilala, wakiwa na watu wao. Yakizidi mwezi, au yakianza kukuzuia kuishi, hapo njoo. Kuna mwokoaji mmoja, nimebadilisha mambo mengi hata mke wake akisikia hamtambui, na mwenyewe kaniruhusu nimsimulie. Boti ilipinduka usiku kwa upepo, akamtoa mtoto mdogo majini, mtoto alikuwa ameshafariki. Kazini akaendelea vizuri tu, anazamia, anapanda boti, wenzake hawaoni kitu. Shida iko nyumbani. Jioni mkewe akiweka maji kwenye beseni amwogeshe mtoto wao, yeye anakumbuka kuna vocha ya kununua dukani, kila jioni, mpaka mke akaamini kuna mwanamke huko dukani.

Tulichofanya naye hakina muujiza. Alinisimulia usiku ule mwanzo mpaka mwisho, macho kafumba, kikao baada ya kikao, upepo, taa za wavuvi kwa mbali, uzito wa yule mtoto mikononi, na humo ndani tukaikuta sentensi moja iliyokuwa inamla: "ningeanza upande wa kulia ningemuwahi". Tukaikagua ile sentensi kama mnavyokagua tukio. Giza lilikuwaje, mawimbi yalikuwaje, nani alikwambia kuna mtoto na yuko upande gani. Hakuna aliyemwambia. Na huku nyumbani akaanza na beseni tupu, halafu akafulia soksi zake humo, halafu akakaa jirani mke akiogesha, mwisho akashika sabuni mwenyewe. Tiba ya aina hii kwa kawaida inakwenda vikao 8 mpaka 12 hivi, haimalizi maisha yako, na huzuni ya yule mtoto bado anayo, ila sasa mwanae anamwogesha.

Mniulize, angenisimulia ile sentensi kama angejua inaandikwa kwenye faili la kazini? Thubutu.

Wakuu wengine mnapenda tukio likiisha tu wote wakalishwe kwenye duara kila mtu aseme alichoona. Nia ni nzuri. Njia hiyo ilienea toka 1983 alipoiandikia makala Mmarekani mmoja, Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa zimamoto, lakini ilipopimwa haikuonekana kuzuia kiwewe, na Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike kwa watu waliotoka tu kwenye tukio. Wapeni maji, chakula, usingizi, mhakikishe wamefika salama kwao, atakayetaka kuongea aongee. Kumlazimisha mtu afunguke mbele ya bosi wake mimi siungi mkono kabisa.

Kuna kesi huwa napenda kuieleza kwa polisi. Marekani, jimbo la Illinois, 1991, askari Mary Lu Redmond alimpiga mtu risasi akiwa kazini, mtu akafa. Baadaye akaenda kwa mshauri, vikao kama 50. Familia ya marehemu ikashtaki na mawakili wakataka maelezo ya vile vikao, askari na mshauri wake wakagoma kuyatoa. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yao, na Juni 1996 majaji 7 dhidi ya 2 wakaamua kwamba yale mazungumzo yanalindwa. Sababu yao ni rahisi, tiba inasimama juu ya uaminifu na taifa linafaidika askari wake wakitibiwa. Siyo sheria yetu hiyo, lakini hoja inatuhusu.

Na sisi tunazo zetu. Mnakumbuka upimaji wa VVU ulipoanza, mtu alikuwa tayari kusafiri mji mwingine ili asionekane anaingia kwenye kile chumba, na sheria ya 2008 ikaja kulinda majibu yake. Sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Msingi upo, kazi ni kuutumia huku chini.

Kwa hiyo chumba kisiwe ndani ya kituo wala mlango usitazamane na wa afande. Mji huu wenyewe mnaujua, ukitoka Mwanga mpaka Ujiji na bodaboda kila mtu kakuona, basi kiwe kwenye jengo lenye duka, saluni na ofisi nyingine, na aliyeko Kibondo au Uvinza atumie simu. Faili likae kwa kaunsela, risiti yenye jina isipite kwa mhasibu wa kituo. Na hili nalisisitiza, anayekutibu asiwe ndo anayeamua kama unafaa kurudi zamu, hiyo kazi apewe mtu mwingine kabisa, la sivyo utamdanganya kaunsela wako na utakuwa na haki ya kumdanganya.

Siri ina mipaka, na nawaambia mapema kama ninavyomwambia kila mtu siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Nikisikia una mpango wa kujiua, au wa kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, nitamwambia anayeweza kuzuia, na wewe ndo utakuwa wa kwanza kujua kwamba namwambia. Kunywa, kulia, kumchukia mkuu wako, kutaka kuacha kazi, hayo yote yanabaki chumbani.

Wakuu mliokuja, kwenye fomu ya ruhusa sehemu ya sababu iandikwe "matibabu", iwe malaria, iwe jino, iwe kuja kwangu, na asiulizwe zaidi. Naanza na maswali ya manesi maana wa zamu ya jioni wanatakiwa kutoka sasa hivi.