Nyumba Imepanda, Watu Wamepungua: Ujazo wa Makazi Sinza

Ndugu mwenyekiti, wanafunzi wa mipango miji, nanyi wakazi mliotuunga mkono kwa kufika, jambo nitakalolisema leo nimelisema katika vikao vingi, na sitaacha kulisema maadamu tunaendelea kuupima mji wetu kwa macho. Mtu akipita Sinza, hapa Dar es Salaam, akaona ghorofa mahali palipokuwa na nyumba ya chini, husema eneo limejaa. Mimi namuuliza: limejaa watu au limejaa zege?

Historia ya mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, yaani Serikali kupima viwanja na kuweka huduma kisha watu wakajijengea wenyewe, uliozaa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mnaijua. Ninachotaka mkikumbuke ni ukubwa wa viwanja: vingi vya Sinza vilikaribia mita za mraba 300 tu, na juu yake watu wakajenga nyumba ya Kiswahili, yaani ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, stoo na choo.

Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, mtoto wa mpangaji. Mama mwenye nyumba alikaa na wajukuu zake katika vyumba viwili vya mbele. Vinne vilivyobaki vilikuwa na dereva wa daladala na mkewe, fundi cherehani mwenye watoto watatu, vijana wawili waliouza nguo Kariakoo, na sisi. Usiku tulilala watu 19. Bomba lilikuwa moja, nalo liko uani, na zamu ya kufagia ukumbi ilijulikana bila kuandikwa popote. Baadaye yalijengwa mabanda mawili uani, wakaongezeka wapangaji. Kisha kibaraza kikazibwa ikawa fremu ya duka. Mama yule alipofariki, warithi waliuza. Aliyenunua alibomoa, akapandisha ghorofa mbili, chini akaweka ofisi za kupangisha, juu anaishi yeye na familia yake, na kiwanja chote amekizungushia ukuta. Wanaolala pale sasa ni watu wanne. Katika daftari la mpimaji, kiwanja hicho kimeendelezwa, na mita za mraba za jengo zimeongezeka. Lakini kwa hesabu ya makazi, watu 15 wameondolewa na hakuna aliyewaandika.

Najua kuna atakayesema kwamba ninasifia umaskini, kwamba watu 19 kwa choo kimoja ni kipindupindu kinachosubiri mvua. Hoja hiyo nimeijibu mara nyingi kiasi kwamba naichoka, kwa kuwa inachanganya mambo mawili. Msongamano ni watu wangapi wanalala katika chumba kimoja. Ujazo ni watu wangapi wanaishi katika hekta moja. Dawa ya msongamano ni kuongeza vyumba na vyoo juu ya kiwanja kile kile, si kuwafukuza wapangaji. Ghorofa ile ile ya yule aliyenunua nyumba yetu ya zamani ingeweza kuwa na vyumba 12, kila kimoja na choo chake, na dereva wa daladala akabaki karibu na kazi yake.

Je, wapangaji hao waliondoka kwenda wapi? Walikwenda pembezoni, Goba, Mbezi, Kimara na Bunju, wengi wakinunua vipande vya mashamba kabla mpimaji hajafika. Na pale Serikali ilipotangulia, kama katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, vipo viwanja vilivyokaa miaka mingi na nyasi kwa sababu mwenyewe anangoja bei ipande. Kanuni za mipango miji za mwaka 1997 ziliruhusu kiwanja cha ujazo mdogo kifike mita za mraba 4,000. Fanyeni hesabu: juu ya eneo hilo zingeenea nyumba 13 kama ile niliyokulia, nasi tulilitoa kwa familia moja, kisha tunashangaa kwa nini bomba la maji halifiki, ilhali kila mita ya bomba inapita mbele ya ukuta wa mtu mmoja. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na mji huu hauwezi kuendelea kutandikwa chini kama mkeka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayataja tu. Magomeni Kota, zilipozinduliwa nyumba za kaya 644 mwaka 2022, inaonyesha kwamba waliobomolewa nyumba zao za zamani wanaweza kurudishwa pale pale. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, yaani kila mtu kumiliki sehemu yake katika jengo moja, ipo, na ingemfaa mama mwenye nyumba aliyekosa mtaji akapata mwekezaji bila kuuza kiwanja. Suala la maegesho na la maji ya mvua nitalijibu kwenye maswali.

Wanafunzi, kesho tutakapokuwa Sinza msiniletee idadi ya majengo. Hesabuni milango inayofunguka ndani ya kila geti, mwandike wanalala wangapi nyuma ya kila mlango, na muulize waliokuwa wakilala pale kabla ya ukuta kujengwa wamehamia wapi.