Kamera ya Getini Inazima Saa Moja Jioni

ASHA: Karibuni tena jamani. Mimi Asha, nipo na Baraka kama kawaida. Leo Baraka kaja na kipande cha waya, tangu ameingia studio anakichezea tu. Hebu tuambie ni nini hicho.

BARAKA: Huu ni ushahidi, dada. Waya wa neti, ganda la buluu, umeandikwa Cat 6, yaani daraja la waya, kwa maandishi safi kabisa. Mwaka jana nilinunua boksi zima, mita 305, kwa ajili ya nyumba ya mama mdogo kule Kibaha. Bei karibu nusu ya boksi lililokuwa pembeni yake palepale dukani.

ASHA: Nusu bei, na hukushtuka?

BARAKA: Nilijiona mjanja. Nikalitupia begani mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Ningekuwa na akili, hapo ndipo ningeshtuka. Boksi la Cat 6 ya shaba tupu ni kilo kumi na kitu, unalisikia kiunoni. Langu lilikuwa jepesi kama la biskuti.

ASHA: Haya, ukatandaza.

BARAKA: Nikatandaza nyumba nzima. Sebuleni safi, vyumbani safi. Kasheshe ikaja kwenye kamera ya getini, kama mita 60 kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa neti kwenye waya zote. Mchana inaonyesha vizuri, unaona mpaka kuku wa jirani. Ikigonga saa moja jioni, inazima. Inawaka, inazima, inawaka. Hivyo hivyo mpaka kunakucha.

ASHA: Mama mdogo akasema ni mambo ya majirani.

BARAKA: Afadhali angesema hivyo. Alisema mimi kazi siijui. Nikabadilisha kamera, bado. Nikabadilisha swichi, bado. Hela inatoka tu.

ASHA: Ngoja kwanza. Kwa nini usiku tu?

BARAKA: Ndiyo utamu wenyewe huo. Giza likiingia, kamera inawasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani. Hapo inakula umeme mwingi kuliko mchana. Na umeme wake unapita kwenye waya huohuo wa data, ndiyo ile wanaita PoE, huhitaji kupeleka soketi getini. Sasa waya wangu ndani haukuwa shaba, ulikuwa alumini iliyovikwa shaba kwa juu. Alumini ile inaukinza umeme kama mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule. Umeme unatoka kwenye swichi una nguvu, unafika getini hoi. Mchana unatosha. Usiku kamera ikidai zaidi, hautoshi, inazima. Ikishazima mzigo umepungua, inawaka. Taa zikiwaka tena, chini.

ASHA: Kumbe! Kamera nzima, swichi nzima.

BARAKA: Vyote vizima. Vile vipya nilivyonunua bado ninavyo kabatini, kama kuna anayetaka.

ASHA: Sasa mtu akiwa dukani atajuaje?

BARAKA: Lete huo wembe. Tunamenya ganda, tunatoa uzi mmoja, tunaukwangua. Angalia.

ASHA: Heee, ndani ni mweupe! Kama sufuria.

BARAKA: Sufuria kabisa. Shaba ungeikwangua mpaka ukachoka, ingebaki nyekundu. Halafu ukunje huku na huku, hivi... umeona? Umekatika mapema mno. Shaba ni mvumilivu kidogo. Na wakati mwingine kwenye boksi wanaandika kabisa CCA, kwa herufi ndogo pembeni. Hiyo maana yake ni alumini iliyovikwa shaba. Mimi iliandikwa, nikasoma jina la duka tu.

ASHA: Mimi nikienda dukani naonyeshwa Cat 7, Cat 8, naambiwa nikitaka kasi nichukue namba kubwa.

BARAKA: Cat 8 ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, zile kompyuta zinazohudumia mtandao, gigabiti 25 au 40 kwa sekunde, na gigabiti moja ni megabiti elfu moja, na mwisho wake ni mita 30. Nyumbani utaichomeka kwenye nini? Cat 7 ndiyo usiniulize kabisa, hata chama cha Marekani kinachoandika viwango hivi, TIA, hakikuitambua. Cat 5e, ile mnayoiona ya kizamani, inabeba gigabiti moja mpaka mita 100. Cat 6 inafanya hivyo hivyo, na kwenye umbali mfupi, kama mita 55 hivi, inaweza kufika gigabiti 10. Ukitaka gigabiti 10 kwa mita zote 100 ni Cat 6A, nayo ni nene, fundi wa jipsamu atakulaani.

ASHA: Kwa hiyo anayejenga sasa hivi?

BARAKA: Cat 6 ya shaba tupu, ipite kwenye paipu, basi. Paipu muhimu, maana kubomoa ukuta ni ghali kuliko waya. Na mwenye Cat 5e ya shaba ukutani aiache ilale.

ASHA: Shemeji yangu yeye kafunga faiba ya megabiti 200. Akipima kwenye simu anapata. Akipima kwenye kompyuta iliyochomekwa waya, 94. Kila siku 94.

BARAKA: Tisini na nne! Hiyo namba naijua kama namba yangu ya simu. Waya una nyuzi 8, jozi 4. Megabiti 100 inahitaji jozi 2 tu, gigabiti inataka zote 4. Uzi mmoja ukikosa kushika kwenye kichwa, kile cha plastiki mwishoni mwa waya, mashine mara nyingi haziachi kuongea, zinashuka zinakubaliana megabiti 100. Ukitoa gharama za njiani, zile data za kufungia mzigo, unabaki na 94 na kitu. Mara nyingi waya hauna kosa, ni kichwa. Akate, abane kingine.

ASHA: Alibana mwenyewe, kwa video.

BARAKA: Ndiyo maana. Pengine kapanga rangi kwa kupendeza: machungwa na machungwa, kijani na kijani, buluu, kahawia. Siyo hivyo. Ni machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kijani zinaikumbatia buluu katikati. Zile nyuzi zimesokotwa mbili mbili kwa sababu, jozi ikitenganishwa inaanza kusikia mazungumzo ya jirani. Na asifumue msokoto mrefu, sentimita moja na kidogo inatosha.

ASHA: Nitamtumia kipindi. Tukiwa bado getini, jua je?

BARAKA: Ganda la kawaida la ndani jua linalikausha, linapasuka, mvua inaingia. Nje chukua ile nyeusi ya nje. Na kama unaunganisha nyumba mbili, mimi siku hizi navuta faiba. Radi haina habari na faiba, ile ni kioo, haipitishi umeme.

ASHA: Basi getini uliweka nini?

BARAKA: Cat 6 nyeusi, shaba tupu, kwa hela yangu. Kamera ileile ya kwanza, swichi ileile ya kwanza. Usiku huo nikakaa na mlinzi mpaka saa nne. Haikuzima. Waya wa ndani ya nyumba nimeuacha, ni mita kumi kumi, haubebi umeme.

ASHA: Na ule wa buluu uliotoa?

BARAKA: Mama mdogo kaufunga kwenye miembe miwili, anaanikia nguo. Anasema hapo umebana vizuri.