Kama Pujols Angebaki St. Louis

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Najua humu ndani wamo wanaoijua besiboli vizuri kuliko mimi, na wamo waliokokotwa na rafiki. Hawa wa pili nitajitahidi nisiwaache njiani. Wale wa kwanza mnivumilie kila nitakapoeleza jambo mnalolijua.

Tarehe 8 Desemba 2011 Albert Pujols alikubali kuihama St. Louis Cardinals na kwenda Los Angeles Angels, kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240. Zilikuwa hazijapita wiki saba tangu usiku ule wa Texas, mchezo wa tatu wa World Series, ile fainali ya ubingwa, alipopiga homurani tatu katika mechi moja. Homurani ni pale mpigaji anapoutwanga mpira ukavuka uzio, naye akazunguka beisi zote, vile vituo vinne vya uwanjani, bila wa kumzuia. Tatu katika mechi moja ya World Series, kabla yake walikuwa wamefanya watu wawili tu: Babe Ruth na Reggie Jackson. Cardinals wakatwaa ubingwa, mji ukaandamana kwa furaha, na kabla ya Krismasi shujaa wao kashaondoka.

Na hakuwa shujaa wa msimu mmoja. Alizaliwa Santo Domingo, akahamia Marekani akiwa kijana, na katika drafti ya mwaka 1999, ule mgao wa chipukizi ambao timu huchagua kwa zamu, alipitwa mara 401 kabla Cardinals hawajamchukua. Kwa misimu 11 aliwapigia homurani 445, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, akawapa ubingwa wa 2006 na wa 2011. Kwa hiyo swali la "je, angebaki?" lina maumivu ndani yake, na mwenye maumivu hulijibu haraka: wangeshinda tena. Mimi nasema hapana. Au tuseme, mwaka 2012 ninaukubali nusu, na 2013 siukubali kabisa.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo watu wanapoteleza. Magazeti yaliripoti kwamba Cardinals walimpa ofa ya takriban dola milioni 210 kwa miaka 10. Bajeti yao yote ya mishahara mwaka 2012 ilikuwa kama dola milioni 110. Sasa anayewaza "angebaki" humweka Pujols kwenye beisi ya kwanza, kisha anawaacha wengine wote walewale mahali palepale, kana kwamba fedha zile zilidondoka kutoka mbinguni. Haiwezekani. Pujols akibaki, mwenzake Lance Berkman anabaki uwanja wa kulia kama alivyocheza 2011, na Carlos Beltrán hana pa kuingia. Beltrán alisajiliwa Desemba ileile, baada ya Pujols kuondoka, miaka miwili kwa dola milioni 26. Mwaka 2012 Beltrán akapiga homurani 32. Pujols, kule California, akapiga 30.

Hebu tuusogelee usiku mmoja. Oktoba 12, 2012, Washington, mechi ya tano na ya mwisho ya raundi ya pili ya mchujo. Wenyeji, Nationals, wanaongoza 6–0 mapema. Cardinals wanapunguza polepole, lakini inafika duru ya tisa, ya mwisho, na bado wako nyuma 7–5. Anayefungua duru hiyo kwa Cardinals ni Beltrán, na anapiga mpira unaomfikisha beisi ya pili. Wawili wanaofuata wanatolewa. Imebaki nafasi moja tu kabla ya safari ya nyumbani. Yadier Molina anavumilia mipira mibovu hadi anapewa beisi ya bure, David Freese vilevile. Daniel Descalso anapiga, alama mbili, sare. Pete Kozma, kijana ambaye nusu ya mashabiki wa nchi hawakumjua jina, anapiga, alama mbili nyingine. Mwisho 9–7. Mlango wa duru ile ulifunguliwa na mtu ambaye asingekuwamo uwanjani kama Pujols angesaini St. Louis. Je, Pujols angefungua vilevile? Pengine. Lakini anayedai hivyo ajue kwamba anaufuta usiku uliotokea kweli ili aandike mwingine juu yake.

Nimesema 2012 nakubali nusu. Raundi iliyofuata Cardinals waliongoza San Francisco Giants mechi tatu kwa moja, wakihitaji moja tu kuingia World Series. Wakafungwa 5–0, 6–1, 9–0. Alama moja katika mechi tatu! Hapo, naam, mtu anayeota kuhusu Pujols ana haki yake ya kuota.

Lakini na hapo kuna la kuangalia. Huu si mpira wa kikapu, ambako nyota mmoja anaweza kupewa mpira kila mara. Wapigaji ni tisa na wanapokezana kwa mpangilio. Pujols, hata awe nani, akishapiga hukaa benchi akisubiri wanane wengine. Angels ndio ushahidi. Walikuwa na Pujols na nyota mwingine, Mike Trout, pamoja, na katika miaka yote 10 ya mkataba ule waliingia mchujo wa mwisho mara moja tu, 2014, wakapigwa 3–0 na Kansas City Royals na kurudi nyumbani.

Sasa tuje 2013, ambako mimi sitetereki. Kwenye soka klabu ikimpoteza nyota aliye ndani ya mkataba hulipwa ada ya uhamisho. Pujols mkataba wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Cardinals hawakupata hata senti. Kwa kanuni za wakati ule kimojawapo walichopata ni zamu ya Angels katika raundi ya kwanza ya drafti ya 2012. Zamu hiyo ilikuwa ya 19. Wakamchukua mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, kutoka chuo kikuu cha Texas A&M, kijana anayeitwa Michael Wacha.

Mei 2013 akapandishwa timu kubwa. Oktoba, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa mechi mbili dhidi ya Los Angeles Dodgers katika raundi ya kuwania World Series, na mara zote mbili upande wa pili alisimama Clayton Kershaw, ambaye wakati ule wengi walimhesabu kuwa mrushaji bora duniani. Wacha alishinda 1–0, kisha 9–0. Duru 13 na ushei hakuruhusu hata alama moja. Akatangazwa mchezaji bora wa raundi. Fikirini: Pujols akibaki, zamu ya 19 inabaki kwa Angels, na Wacha anaenda kwingine kokote. Na beisi ya kwanza mwaka huo aliyeichukua ni Allen Craig, ambaye kila kulipokuwa na mwenzake wa kurudishwa nyumbani kupata alama kutoka beisi ya pili au ya tatu alipiga kwa wastani wa .454, wakati wastani wa .300 tu ni wa kujivunia. Yeye alikuwa amesaini miaka mitano kwa dola milioni 31. Timu ile ikafika World Series na kufungwa na Boston. Pujols mwaka huohuo alicheza mechi 99 tu, mguu ukamshinda.

Na mguu ndio unaonileta kwenye hoja ambayo wengi hawaigusi. Angels wanacheza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambako tangu 1973 timu inaruhusiwa kuwa na mpigaji ambaye kazi yake ni kupiga tu. Hadaki, hasimami uwanjani. Pujols alipoanza kuchoka magoti na nyayo, huko ndiko alikojificha. National League, ile ya pili, walikokuwa Cardinals, haikuwa na kificho hicho, ukiacha msimu mfupi wa 2020, hadi 2022. Angebaki, ama angesimama beisi ya kwanza kila siku akiwa na nyayo zile, ama angekaa benchi kwa mshahara wa mfalme. Kwa Angels mkataba ulipanda kila mwaka hadi dola milioni 30 mwaka 2021, na hawakumaliza nao: Mei ya mwaka huo walimwacha.

Kuna kitu kimoja nakiri kilipotea kweli. Mfalme wa homurani wa Cardinals ni Stan Musial, 475. Pujols alikuwa na 445. Ongezeni zile 30 alizopiga 2012 akiwa na Angels. Inatimia 475 kamili. Musial alifariki Januari 2013. Kuna vuli moja ambayo wangekaa sawasawa kwenye daftari, mzee akiwa hai. Hilo hakuna Wacha wala Beltrán anayelifidia, na shabiki akinililia kwa ajili yake sitambishia.

Lakini akitaka alipwe kwa hesabu, basi hesabu iende hadi mwisho. Mkataba wa kufika 2021 ungeziba beisi ya kwanza, kwa hiyo Desemba 2018 hakuna sababu ya kumchukua Paul Goldschmidt kutoka Arizona, na 2022 Goldschmidt hawi mchezaji bora wa ligi akiwa na jezi ya Cardinals. Mwaka huohuo National League ilianza kuruhusu mpigaji asiyedaka, na Pujols, umri 42, akarudi St. Louis kwa mwaka mmoja na dola milioni 2.5. Alipiga homurani 24. Ya 700 aliipiga Septemba 23, Los Angeles, akamaliza na 703. Ili mtu arudi, sharti kwanza awe aliondoka.

Nimemaliza dakika zangu. Mwenye kuamini kwamba Pujols angezizuia zile mechi tatu za Giants, kipaza sauti ndicho kile, naomba aanze yeye.