Nyanya Zimetoa Maua, Sasa Tulia

Habari za asubuhi wapendwa, karibuni tena shambani kwangu hapa Mlali, Mvomero. Leo simu kaishika Baraka, mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo picha ikitikisika mlaumuni yeye. Baraka, sogea. Usipige uso wangu, piga hapa.

Mnakiona? Hiki ni kishada cha kwanza cha maua. Hii ni nyanya aina ya Anna F1, nimehamisha miche kutoka kitaluni siku 31 zilizopita. Jana jioni vilikuwa vitumba tu vimejikunja, leo viwili vimefunguka. Hiki hapa nyuma bado, kitafunguka kesho au keshokutwa. Kishada hakifunguki chote kwa pamoja, kwa hiyo usihofu ukiona ua moja mbele na mengine yamelala.

Kabla hatujaanza, weka chini hicho ulichoshika. Najua umeshika kitu. Mkulima wa nyanya akiona ua la kwanza mkono unamwasha: mwingine anakimbilia mbolea, mwingine pampu ya dawa, mwingine anafungulia maji shamba likawa jaruba la mpunga. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Msimu wangu wa kwanza muuzaji mmoja wa pembejeo aliniambia, "Mama, weka urea, zichangamke." Zikachangamka kweli. Majani mapana kama tumbaku, kijani mpaka wapita njia wanasimama kunipongeza. Maua yakatoka machache, na hayo machache yakadondoka. Nilivuna matenga mawili, na jirani yangu mwenye eneo kama langu alivuna tisa. Akaja kuniuliza majani nauza bei gani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mbolea, na nitaisema haraka. Urea ni naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni ikizidi wakati huu mche unaendelea kujenga mwili, unasahau kuzaa. Mimi ua la kwanza likitoka naweka mbolea ya CAN, kwa sababu ndani yake kuna na kalsiamu. Kipimo changu ni kizibo kimoja cha soda kwa mche, ni kama gramu 5. Chimba kijifereji kuzunguka shina, kiache mbali kama upana wa kiganja, nyunyiza, fukia, mwagia maji. Isiguse shina, itaunguza. Vishada viwili vitatu vikishashika matunda ndipo ninaingiza mbolea ya NPK yenye potasiamu nyingi. Kama ulijaza samadi ya kutosha kwenye mashimo, hata hicho kizibo angalia kwanza kama mche unakihitaji. Majani ya juu yakiwa kijani cha kukolea na yamejikunja kuelekea chini kama kucha za kuku, naitrojeni imeshazidi. Acha.

Hatua ya pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi tunapopotelea. Baraka, shuka, piga kwenye udongo.

Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Ukisikia ubaridi na udongo unashika kidoleni, usimwagie leo. Ukiwa mkavu, mwagia. Mimi kwa jua la hapa natoa kama lita moja na nusu kwa mche, asubuhi, kwenye mizizi, majani yasilowe. Tatizo la maji ya kuchangamka na kukatika, yaani siku tatu kavu kisha siku moja mafuriko, huwezi kuliona leo. Utaliona wiki kadhaa mbele, tunda likiwa kubwa, ukiligeuza unakuta kitako cheusi kimebonyea. Watu wanaita kuoza kitako na wanakimbilia kununua dawa ya ukungu. Si ukungu. Kalsiamu inasafiri na maji, maji yakikatika haifiki kwenye tunda, na kitako ndicho cha mwisho kupata. Unaweza kuwa na kalsiamu tele udongoni na bado vitako vikaoza. Ndiyo maana nimetandaza nyasi kavu hapa chini, unene wa vidole vinne, udongo usikauke ghafla. Ukipanda kwenye ndoo ya lita 20 hapo barazani kwako, hesabu kwamba ndoo inakauka upesi kuliko shamba. Kagua kila siku.

Sasa machipukizi ya kwapani. Baraka, njoo usawa huu.

Hili ni shina. Hili ni jani. Na hapa kwapani, katikati ya shina na jani, mnaona kimtoto kimechomoza? Kikiachwa kitakuwa shina zima lenye majani yake, na kitakula chakula cha haya maua. Kikiwa na urefu wa kidole, kishike chini kabisa, kipinde upande huu, kisha upande ule. Kimekatika, nimesikia "tak". Hakuna kisu, hakuna mkasi. Fanya asubuhi, kidonda kikauke na jua. Angalia sana usikosee ukavunja kishada: kishada kinatoka kwenye shina lenyewe, hakitoki kwapani. Nimewahi kuvunja vishada vinne mfululizo huku napiga soga na shemeji.

Na hii ni kwa nyanya ndefu za kusimikiwa, kama Anna. Ukiwa na aina fupi kama Tanya, Cal J au Rio Grande, usizifanyie hivi, zile zinajikomea zenyewe na ukizipogoa sana unapogoa mavuno.

Mvuta sigara, kabla hujashika mche nawa mikono na sabuni. Sikutanii. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na kuna kirusi cha tumbaku kinachohama kwa vidole kutoka kwenye sigara mpaka kwenye jani. Mjomba wangu hapa ana ndoo yake ya kunawa getini, tumeshagombana tumemaliza.

Majani yaliyo chini ya kishada cha kwanza, yale yanayogusa udongo, toa. Mvua ikinyesha inarusha tope, na tope hilo ndilo linalopandisha bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Usiyatoe yote siku moja, mawili matatu kwa mche yanatosha.

Haya, sasa kitu ninachokipenda. Sogeza simu karibu kabisa, gusa kioo isafishe picha. Hapo.

Ua la nyanya linainamia chini. Petali za njano zimejikunja nyuma kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na katikati kuna kimnara cha njano kimechongoka. Chavua iko ndani ya hicho kimnara. Ua linajichavusha lenyewe, halihitaji jirani, ila linataka kutikiswa chavua imwagike. Shambani mara nyingi upepo unatosha, ingawa mimi nagonga pia, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa anasaidia sana, maana analikumbatia ua na kunguruma mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hana ngurumo hiyo. Kwenye kitalu nyumba, au barazani pasipo na upepo, kazi ni yako: kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, gonga kamba iliyoshikilia mche, hivi, mara mbili tatu. Polepole. Ua likiwa limelowa usihangaike, chavua inagandamana.

Ukiona maua yanadondoka, tazama hapa kwenye kikonyo. Kuna kifundo kidogo kama kiwiko. Kikianza kuwa njano, ua hilo limekataliwa, litakatikia hapohapo. Kwanza jiulize kuhusu hewa: mchana ukizidi nyuzi 32, au usiku ukishuka chini ya 13, chavua haifanyi kazi vizuri. Ndugu zangu wa Dar mnaopanda nyanya za kukomaa Januari na Februari mnanielewa. Hapo hakuna dawa ya kunyunyiza, kuna kivuli cha neti na kubadili tarehe ya kupanda.

Mwisho ni wadudu. Geuza jani. Jani lililochorwa njia nyeupe, ukilipandisha kwenye jua unaona kiwavi amelala ndani, huyo ni kantangaze. Aliingia Tanzania 2014 na tangu hapo hajaondoka. Anaingia mpaka kwenye vitumba na ncha ya mche. Jani hilo likate, litie kwenye mfuko wa plastiki, funga, uache juani. Usilitupe pembeni ya shamba, atarudi. Mtego wangu ni ule pale, beseni la maji yenye sabuni na kidonge cha harufu ya jike juu yake. Nahesabu vipepeo wa kantangaze walionasa kila asubuhi. Wakiongezeka ndipo nafikiria dawa. Inzi weupe nao usiwaachie, wanaleta rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kudumaa, na mche wenye rasta ung'oe tu.

Ukilazimika kupiga dawa maua yakiwa wazi, piga jioni, nyuki wakishalala. Na usipige aina moja kila wiki, kantangaze anaizoea.

Baada ya siku tano sita rudi kwenye kishada hikihiki. Petali zitakuwa zimekauka, na nyuma yake utakuta kijidude cha kijani kama punje ya mtama, kikonyo kimenenepa. Kishada cha maua sita kikishika manne, mimi nimeridhika. Baraka, zima simu uje huku, saa nne imefika na mistari kumi na miwili bado hatujaigonga.