Nodi 312 kwenye jani moja

REHEMA: Haya jamani karibuni, leo tulipanga kalamu, penseli na brashi ya kaligrafia za Inkscape, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, zote tatu, ila Musa kafika hapa hajalala na mnamjua, akiwa na jambo halinyamazii.

MUSA: Jani, dada. Jani moja tu! Nimelichora kwa penseli, ile ya kitufe cha F6, mkono huru, ukilitazama kwa mbali zuri kabisa. Nikalikuza nirekebishe, weee, kingo zote zinatetemeka. Nabonyeza N nione nodi, vile vidoti vinavyoushika mstari, nakuta 312. Ukivuta moja, za jirani hazisogei, panatokea kinundu.

REHEMA: Ukafanyaje?

MUSA: Nikafuta moja moja mpaka saa nane usiku, mwisho nikatupa lote nikashika kalamu. Nodi mbili tu, moja kwenye kikonyo moja kwenye ncha, nikavuta vishikio, vile vijiti vya nodi vya kuupinda mstari, huku na huku, jani hilo hapo. Mbili!

REHEMA: Kwa sababu kipande kimoja cha mstari uliopinda kinahitaji pointi nne tu, miisho miwili na vishikio viwili, na mstari haupiti kwenye vishikio, unavutwa navyo. Na unajua hesabu hiyo ya mistari imetoka kwenye magari?

MUSA: Ndiyo hao kina Bézier?

REHEMA: Pierre Bézier, injinia wa Renault, miaka ya 1960, alitaka umbo la bodi liwe namba ambazo mashine inaweza kuzifuata ikachonga. Lakini Paul de Casteljau wa Citroën alishaifikia 1959, kampuni yake ikaificha kama siri, Bézier akachapisha, basi jina likawa lake.

MUSA: Aisee, hiyo inaniuma. Mtu kafanya kazi, jina kachukua mwingine.

REHEMA: Njia yake ya hesabu bado inaitwa de Casteljau lakini. Tena rahisi: unganisha zile pointi nne, unapata mistari mitatu. Shika katikati ya kila mmoja, unganisha, inabaki miwili, katikati tena, unabaki mmoja, na katikati ya huo ndipo mstari wako unapopita. Chukua karatasi ujaribu, unauona unajipinda wenyewe.

MUSA: Subiri nijaribu hapa hapa... tatu... mbili... eeh! Imekaa! Rehema, imekaa kabisa!

REHEMA: Si nilikwambia.

MUSA: Basi ndio maana nasema anayeanza aanze na kalamu, penseli asiiguse.

REHEMA: Hapo hapana kaka. Anayeanza anataka mkono wake uonekane, mpe penseli, apandishe ulainishaji wa mstari kwenye upau wa juu, akimaliza apige Ctrl+L, ile amri ya kurahisisha mstari, nodi zinapungua. Ukimpa vishikio siku ya kwanza anakimbia.

MUSA: Ctrl+L nimeipiga mara tatu, imekula ncha ya jani, limekuwa kama kijiko!

REHEMA: Umepiga harakaharaka, ukifululiza inazidisha nguvu. Piga moja, tulia, angalia.

MUSA: Hata moja inahamisha mstari pale ambapo mimi sikusema. Nodi niweke mimi.

REHEMA: Na mtu ambaye hajui aiweke wapi?

MUSA: Pale umbo linapogeuka. Atajua kwa kuweka.

REHEMA: Atajua kwa kuchora kwanza. Sikubali.

MUSA: Wala mimi.

REHEMA: Na dakika zimeisha, brashi hatujaigusa kabisa, zile hatua tano nilizoandika zote ziko hapa mezani. Musa, hilo jani la 312 hujalifuta kweli? Nitumie, nataka nilipige Ctrl+L mwenyewe.

MUSA: Nakutumia sasa hivi. Mara moja tu lakini!